Mandazi kwenye mtoto wa meza: shajara ya mradi wa kukipa chakula chumba chake makumbushoni

Januari, juma la pili

Mradi umepitishwa. Kwenye jalada unaitwa "Uboreshaji wa utunzaji wa chakula cha wafanyakazi", na fungu lake ni dogo kiasi kwamba mhasibu alitia saini bila kuuliza. Nitakuwa naandika hapa kinachofanyika kadiri kinavyofanyika, kwa faida yetu na ya wenzetu wa makumbusho ndogo ndogo za pwani ambao, kama sisi, wanakula kazini kwa sababu nyumbani ni mbali na mapumziko ya mchana ni mafupi.

Jengo letu ni nyumba ya kale ya mawe ya matumbawe: ghorofa moja, dari za boriti za mikoko, ua katikati. Kuta ni nene, lakini chokaa imebanduka hapa na pale ikaacha nyufa ambazo panya na mende wanazijua kuliko fundi. Jiko hatuna. Mwaka juzi uongozi ulipiga marufuku chakula ndani ya jengo zima, kibao kikapigiliwa penye mlango wa wafanyakazi. Ukipita saa nne asubuhi utadhani kibao kimefanya kazi, maana hakuna meza yenye sahani.

Kwa hiyo nilianza na watoto wa meza, kila mmoja kwa ruhusa ya mwenyewe. Mapokezi kulikuwa na mandazi yaliyofungwa kwenye gazeti, na chini ya gazeti makombo ya mandazi ya siku nyingine. Uhasibuni biskuti, na pakiti ya sukari iliyobanwa kwa mpira wa mafaili. Nyuma ya kabati la kioo lenye vyombo vya jikoni vya zamani (mbuzi za kukunia nazi, kawa za ukili, vinu na michi yake) kulikuwa na chupa ya chai na vikombe ambavyo havijasuuzwa. Chini ya ngazi, nyuma ya makatoni ya vipeperushi, lilikaa gunia la mahindi la mtu ambaye bado hajajitaja.

Marufuku haikuondoa chakula. Ilikiondoa mezani, ambako mtu angefuta makombo, ikakisukuma gizani ambako hafuti mtu. Huo ndio msimamo ninaoanzia, na mradi mzima umesimama juu yake: watu wataendelea kula, basi chakula kipewe chumba.

Januari, juma la mwisho

Mwenzangu wa idara ya elimu ameuliza: "Sawa, mende anakula mandazi. Ngoma yetu ya ngozi kule ukumbini anaila nani?"

Mende mwenyewe ana hasara zake. Hutafuna karatasi na gundi ya wanga kwenye majalada, na kinyesi chake huacha madoa ambayo kanzu ya zamani haiwezi kufuliwa yakatoka. Lakini msiba mkubwa huja nyuma yake. Mende hufa, na mzoga wake hubaki nyuma ya kabati. Mzoga huo ni riziki ya mabuu wa jamii ya Dermestidae. Mdudu mzima wa baadhi yao, kama Anthrenus, ni kidude cha duara chenye mabaka, hukaa nje kwenye maua akila chavua na hana ubaya wowote wa kuonekana. Mabuu yake ndiyo yenye balaa: yana nywele, yanapenda giza, na yanakula vitu vikavu vilivyotoka kwa wanyama. Huanza na mizoga ya wadudu, kisha manyoya, sufu, ngozi. Mende wakiisha nyuma ya kabati, yanatambaa hadi kwenye ngoma. Panya akifia ndani ya ukuta, hadithi ni hiyo hiyo, ila karamu ni kubwa zaidi.

Nimemchorea mnyororo huo kwenye karatasi: kombo, mende, mzoga, buu, ngoma. Ameomba abaki nayo ili awafundishie wanafunzi wanaotutembelea.

Mitego imewekwa. Ni ya gundi, ya kadibodi, haina sumu. Kila mmoja una namba na tarehe, na kila namba ipo kwenye ramani ya jengo iliyobandikwa ofisini kwangu. Imekaa pembeni mwa kuta na pande zote mbili za milango, kwa kuwa wadudu hawa hutembea wakigusa ukuta, ni nadra kukata katikati ya chumba. Mlinzi wa mchana alishauri tutie kipande cha dagaa kwenye kila mtego ili tunase wengi. Tungenasa kweli, na wa majirani wangekuja pia. Mtego usio na chambo hauvuti mgeni. Unamshuhudia anayepita kila siku. Kwa sasa nahitaji ushahidi kuliko mizoga.

Februari, mwanzo

Gunia limepata mwenyewe, au tuseme lilimtoa lenyewe. Nilipolisogeza, unga ulimwagika sakafuni, na ndani ya unga kulikuwa na dumuzi. Wakulima wa Tanzania wanawaita Skania, na jirani zetu Wakenya wana jina lao, Osama. Asili yao ni Amerika ya Kati. Huku kwetu walianza kuleta maafa mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tofauti yao na fukusi wa kawaida ni kwamba dumuzi hatosheki na punje: hutoboa pia mbao za kihenge. Gunia lilikuwa limeegemea ngazi ya mbao ambayo ni sehemu ya jengo la urithi. Mwenye mahindi, kijana wetu wa bustani, alikuwa ameyaleta toka kijijini na kwake hakuna pa kuyaweka. Tumekagua ngazi kwa tochi iliyolazwa, matundu mapya hatukuyaona. Gunia limeondoka siku hiyo hiyo.

Sasa mitego. Mende wakubwa wekundu, Periplaneta americana, wamenaswa karibu na choo na mfereji wa ua. Hao hutoka kwenye maji machafu, na tiba yao ni kufunika mifereji kwa wavu wa chuma. Mende wadogo wa kahawia, Blattella germanica, wamepatikana mapokezi na uhasibuni peke yake. Hawa ndio wanaonikera. Mende mdogo ni wa kukaa na watu: anataka joto, maji na makombo, na jike hubeba kifuko cha mayai 30 hadi 40 mpaka yanapokaribia kuanguliwa. Ukimkuta mapokezi, ujue mapokezi kuna chakula, hata wenyewe wakila yamini.

Lakini kilichoninyima usingizi ni mtego wa chini ya kabati la miswada. Umenasa vijidudu vyekundu-kahawia, urefu wa milimita mbili hadi tatu, vimeficha vichwa chini ya kifua. Hapo washukiwa ni wawili, Stegobium paniceum na Lasioderma serricorne. Wote hula vitu vikavu vya kila namna, iwe biskuti, unga, viungo au dawa za mitishamba, na wote wana sifa mbaya maktabani, kwa kuwa gundi ya wanga ya jalada la kale nayo inalika. Nilikaa nao dirishani na kioo cha kukuza. Stegobium ana mistari iliyonyooka mgongoni na pingili tatu za mwisho za vipapasio vyake ni kubwa kuliko nyingine. Lasioderma mgongo wake ni laini, na vipapasio vina meno ya msumeno toka mwanzo hadi mwisho. Wetu walikuwa wa msumeno, yaani Lasioderma, mdudu wa tumbaku.

Tulitoa miswada yote tukaiweka juu ya karatasi nyeupe. Jalada moja la ngozi lina matundu, lakini kingo zake zimeshaingia vumbi na weusi wa miaka. Tundu jipya huwa safi ndani, na ukiligonga hutoa unga. Unga haukuonekana popote. Kwa hiyo hawakuzaliwa mle kabatini; wamekuja. Lasioderma anaruka vizuri, hasa jioni kwenye joto, na hupenda kuufuata mwanga.

Februari, siku chache baadaye

Niliongeza mitego kwenye ushoroba. Ukumbini wachache, ushorobani zaidi, na mlangoni mwa katibu muhtasi wengi kuliko kwingine kote.

Katibu wetu ni mama wa heshima zake, na mwanawe wa kwanza ananizidi umri. Huwezi kuingia kwake na kioo cha kukuza mkononi. Nikamwamkia, tukaulizana hali, tukalalamikia joto, ndipo nikaomba.

"Mwanangu, mimi humu sina chakula. Kibao nimekisoma."

Na kweli hakuwa nacho. Alikuwa na kopo la pilipili kavu na bizari nzima, zawadi aliyoletewa toka Unguja akaisahau nyuma ya mafaili, mfuniko haujakaa vizuri. Pilipili zimebaki maganda, na unga uliojaa chini ya kopo ulikuwa unatembea.

"Astaghfirullah!"

Kopo lilitoka nje likiwa ndani ya mfuko uliofungwa kabla sijamaliza kueleza. Mafaili yakafuatia, moja moja, yakifutwa na kufyonzwa kwa mashine. Kwa joto la kama 30°C na unyevu wa pwani, Lasioderma hutoka yai hadi mdudu mzima ndani ya takribani mwezi mmoja, kwa hiyo kopo moja lililosahauliwa kwa msimu mzima linatosha kusambaza vizazi vingi jengo zima. Mitego ya ushorobani naiacha pale pale, iniambie kama chanzo kilikuwa hicho tu.

Februari, katikati: kikao

Niliogopa kikao kigeuke mahakama, hivyo nikaomba jambo moja kabla hatujaanza: hakuna kutaja nani alikutwa na nini. Nilionyesha mtego wenye mende, nikaonyesha mchoro wa ngoma, kisha nikauliza watu wanataka nini ili waache kula ofisini.

Mzee wetu wa zamu ya usiku alijibu kwanza. "Mwanangu, njaa haisomi kibao. Nipe pa kukaa, nipe maji, usinifanye mwizi wa andazi langu mwenyewe."

Nilitegemea hayo. Nisilolitegemea lilitoka kwa dada wa mapokezi: chakula hakifichwi kwa sababu ya marufuku peke yake, kinafichwa kwa sababu kinaliwa na wengine. Ukiacha sukari mahali pa wote, Ijumaa haipo. Watu walicheka, kisha wakaanza kukiri mmoja baada ya mwingine kwamba nao wameshaibiwa. Nimesoma miongozo kadhaa ya udhibiti husishi wa wadudu (yaani kuunganisha njia kadhaa badala ya kutegemea dawa peke yake) kwenye makumbusho, ya Ulaya na ya Kanada, na sikumbuki mmoja uliotaja wizi wa sukari. Hapa kwetu ndio msumari wa kwanza. Rafu ya pamoja isiyo na kufuli ingerudisha kila kitu kwenye watoto wa meza kabla mwezi haujaisha.

Mgeni wetu alikuwa mhifadhi mstaafu aliyepita kwenye mafunzo ya PREMA, ile programu ya ICCROM, shirika la kimataifa la uhifadhi wa urithi, iliyowafundisha watu wa makumbusho za Afrika miaka ya 1990, na ambayo matunda yake ni pamoja na kituo kilichoanzishwa Mombasa mwaka 2000. Alisikiliza sana, akasema kidogo. Alitukumbusha ngazi tano za Wakanada za kupambana na wadudu: epusha, ziba, gundua, kabili, rejesha. Akasema makumbusho nyingi hukimbilia ya nne, kwa kuwa ndiyo yenye pampu mgongoni na harufu, na mkubwa akipita anaona kazi imefanyika.

Nakubaliana naye. Sisi wenyewe tumepuliziwa dawa mara nyingi, na mende wamerudi kila mara, kwa sababu meza haikuondoka. Tena dawa ya kupuliza huweza kuacha madoa na mafuta juu ya vitu, na chaki ya mende inayouzwa mitaani ni sumu ambayo hutaki mtu aishike halafu ashike mkate. Nimeomba zisiletwe tena. Tutatumia chambo cha jeli chenye dawa ya mende, matone madogo ndani ya nyufa na nyuma ya bawaba, mahali ambapo mkono wa mtu wala kioneshwa havifiki.

Februari, mwisho: banda

Tumepewa banda la nyuma ya ua lililokuwa la jenereta. Uzuri wake wa kwanza ni kwamba halina ukuta wa pamoja na ukumbi wala stoo. Sehemu hii naieleza kwa urefu, maana ndiyo mradi wenyewe.

Fundi alianza na mashimo. Panya mdogo hupita kwenye tundu la milimita 6, yaani penseli ikipita naye anapita, kwa hiyo nyufa zimejazwa saruji, na palipopita mabomba pamesokotwa wavu wa chuma kabla ya saruji, asije akatafuna upya. Madirisha yamewekwa wavu wa mbu kwa ajili ya nzi, na juu yake wavu wa chuma kwa ajili ya panya. Chini ya mlango kumepigiliwa bati na raba. Bomba lililokuwa linadondoka limetengenezwa siku ya kwanza. Mende anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula maadamu anapata maji, na tone la bomba usiku kucha linamtosha yeye na ukoo wake.

Rafu ni za chuma, zimeachana na ukuta na zimeinuliwa ili ufagio upite chini. Kabati la bati lenye vyumba vidogo, kila kimoja na kufuli yake, lilipatikana kwenye mnada wa samani za ofisi. Hicho ndicho kipengele kilichokula fedha kuliko vyote, na mhasibu safari hii aliuliza. Nilimjibu kwa sukari yake mwenyewe.

Kila mtu ana kopo la mfuniko wa kukaza. Vyakula vikavu vya pamoja vipo kwenye ndoo za mfuniko wa kuzungusha na mitungi ya kioo. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini Juni 2019, vitu vingi vinatoka dukani ndani ya karatasi, na karatasi haimzuii hata fukusi. Wala nailoni nyembamba haimzuii Lasioderma, hutoboa akapita. Kinachotoka dukani kinahamishiwa kwenye kopo siku hiyo hiyo. Makatoni hayaingii kabisa, kwa sababu mikunjo yake ni nyumba ya mende na mayai yake. Yanafunguliwa nje, vitu vinaingia, katoni linabaki. Kreti za soda ni hivyo hivyo, tena zaidi.

Jokofu ni la mtumba. Kabla halijaingia tulilivuta, tukasafisha lile sinia la nyuma linalokusanya maji, tukakuta nilichotarajia. Usafi wa sinia hilo umewekwa kwenye ratiba pamoja na kumwaga takataka, ambazo zinatoka kabla ya magharibi, si asubuhi, kwa sababu usiku ndio mchana wa mende. Mabaki ya chakula yanachukuliwa na mama wa usafi kwa ajili ya kuku wake.

Masharti ya banda wameyaandika wafanyakazi wenyewe, na ni mafupi. Linalopendwa zaidi linasema: sahani hailali chafu. Kwenye ofisi na kumbi kinaruhusiwa kitu kimoja tu, maji ya kunywa kwenye chupa yenye mfuniko, na stooni hata hayo hayaingii.

Machi: Ramadhani

Mwezi umeandama, na mpango wetu wote wa saa saba mchana hauna maana tena. Mchana banda linatumiwa na wachache wasiofunga, wanakula ndani kwa staha na mlango umefungwa. Kazi imehamia jioni. Walinzi wa zamu ya usiku wanafika saa kumi na moja na futari zao: tende, uji, mihogo ya nazi, kaimati, sambusa. Adhana ikilia hawawezi kuacha lango, kwa hiyo miaka yote wamefuturu pale pale mlangoni, ndani ya jengo, na daku wanakula mapokezi.

Tatizo halikuwa chakula, lilikuwa lango. Wenzetu wawili Wakristo walijitolea kushika lango kwa zamu kuanzia adhana hadi walinzi wamalize kufuturu na kuswali. Mkurugenzi aliidhinisha, akawalipa muda wa ziada. Mkeka umetandikwa uani mbele ya banda, vyombo vinaoshwa kabla ya Isha, mkeka unakung'utwa nje ya lango. Kwa daku, mlinzi mmoja anakula bandani na mwenzake anabaki zamu, kisha wanabadilishana.

Tende zilihitaji neno la pekee. Nyingi hufika kwenye boksi la karatasi na hukaa wazi mwezi mzima kwa sababu kila mmoja anachukua moja moja. Sasa zipo kwenye mtungi ndani ya jokofu. Mzee wa zamu ya usiku analalamika kwamba zinakuwa ngumu. Ana haki. Zinatolewa alasiri zipoteze baridi.

Mitego ya mapokezi imepungua mende wadogo kwa kiasi cha kuonekana bila kuhesabu.

Aprili

Masika yameshika. Unyevu stooni umepanda, na nguvu zetu nyingi zimekwenda kwenye ukungu, jambo ambalo lina shajara yake. Sisimizi wamekimbia mafuriko wakaingia bandani kwa msitari mmoja, wakakuta hakuna kitu, wakatoka. Nimefurahi kuliko inavyostahili.

Tumepata tukio la friza. Tuna friza ndogo ya kugandisha vioneshwa vinavyoshukiwa kuwa na wadudu. Kitu hufungwa kwenye nailoni nzito, hewa hubanwa itoke, kikakaa kwenye –20°C wiki moja hadi mbili, na kikitoka hakifunguliwi mpaka kirudie joto la chumba, vinginevyo kinaota umande. Juzi nilifungua nikakuta samaki wawili aina ya changu, wamefungwa vizuri, wamelala kando ya kofia ya kiua ya karne iliyopita. Mwenye samaki alieleza kwamba jokofu la banda limejaa na samaki wangeharibika, tena mimi mwenyewe ndiye ninayehubiri chakula kisilale wazi.

Nikaeleza upande ambao sikuwa nimeuweka wazi kwa kila mtu. Zamani makumbusho duniani kote zilitibu ngozi, manyoya na nguo kwa aseniki, zebaki, na baadaye DDT. Sumu hizo hazipotei. Kitu kilichotibiwa zamani kinaweza kuwa nazo hadi leo, na hakuna harufu ya kukuonya. Kwa hiyo friza ya vioneshwa haigusani na chakula, na friza ya chakula haigusani na vioneshwa, hata kwa usiku mmoja, hata kwa kitu kinachoonekana safi. Kuosha mikono kabla ya kula ni sehemu ya kazi ya stoo, na sabuni imewekwa mlangoni mwa banda. Samaki walitupwa. Mwenyewe alihuzunika, nami pia, maana bei ya changu naijua. Friza sasa ina kufuli na tangazo lenye fuvu la kichwa lililochorwa na binti aliyeko mafunzoni, baya la kutosha.

Mei

Ua unakodishwa kwa shughuli, na fedha yake ndiyo inayolipa umeme, kwa hiyo sitaandika tuache kuukodisha. Jumamosi ilikuwa ndoa. Pilau ililiwa mpaka kwenye ushoroba kwa sababu mvua ilinyesha, na wapishi waliondoka usiku wakiahidi kurudi asubuhi kufagia. Asubuhi punje za wali zilikuwa chini ya kabati la mikoba ya ngozi, na mitego ya ushorobani ilijaa kuliko ilivyokuwa Februari.

Mkataba wa kukodisha umebadilishwa. Usafi unafanyika usiku ule ule, kabla walinzi hawajafunga lango, na dhamana hairudi mpaka mtu wetu amepita na tochi. Kukinyesha, wageni wanakaa chini ya turubai la mkodishaji. Milango ya kumbi inabaki imefungwa. Mteja wa kwanza alinung'unika. Wa pili alisema ni afadhali, maana hatakiwi kurudi na mafagio akiwa na usingizi wa harusi.

Wakati huohuo, pendekezo la paka limerudi kwa mara nyingine. Mji wetu wa kale una paka wa kutosha kulinda makumbusho ishirini. Ni kweli paka hukamata panya. Ni kweli pia kwamba huacha manyoya kila pembe, na manyoya ni chakula kilekile cha mabuu ya Anthrenus. Tena mtu humwekea paka sahani. Nimekataa, na nimeshakuwa adui wa nusu ya wafanyakazi.

Juni

Lasioderma wa ushorobani wamekwisha, lakini mitego ya ukumbi wa biashara ya bahari bado inanasa mmoja mmoja. Kopo la katibu halikuwa chanzo pekee. Chanzo cha pili tulikiweka sisi wenyewe miaka mingi iliyopita, na wageni hukipiga picha: bakuli za karafuu, mdalasini, iliki, tangawizi kavu na bizari, wazi juu ya meza, ili watoto wanuse. Katika tangawizi na bizari walikuwemo. Karafuu na mdalasini tulizipepeta hatukukuta kitu.

Nilipendekeza kila kitu kiingie kwenye kioo kilichozibwa. Idara ya elimu ikapinga, na nadhani walikuwa sahihi kupinga, kwa sababu harufu ndiyo inayowafanya watoto wakae pale. Tumeafikiana hivi: viungo vya kuonyesha vinagandishwa kwanza, kisha vinazibwa kwenye mitungi ya kioo. Vya kunusa vinakaa kwenye vichupa vyenye mfuniko wa matundu na wavu laini ndani, vinabadilishwa kila mwezi kabla vizazi havijalundikana, na vya zamani vinatupwa nje ya jengo. Pishi ya mchele iliyokuwa kando yake imejazwa vipande vya plastiki vilivyopakwa rangi. Ukiiangalia kwa karibu ni ya uongo kabisa, lakini hakuna mgeni aliyelalamika.

Bandani, mitego haina mende wadogo. Wakubwa bado wanaonekana mara moja moja baada ya mvua, wakitokea upande wa mgahawa wa jirani ambao pipa lake limeegemea ukuta wetu. Mkurugenzi na mimi tutakwenda kuwaona tukiwa na mchoro na bila lawama, kuwaomba pipa lisogee na liwe na mfuniko. Wavu wa mfereji wao tuko tayari kuulipia sisi.

Julai mitego inahamia ghorofani, pande zote mbili za mlango wa stoo, na ukaguzi wa banda unabaki wa kila wiki chini ya dada wa mapokezi, aliyeuomba mwenyewe. Raba za milango ya kumbi zimeshapimwa. Tunasubiri robo mpya ya bajeti, na mhasibu ameahidi kutouliza.